Mashujaa wa Karatasi na Vita vya Ziwa Nyasa

Katika miaka ya 1980 hadithi za picha zilikuwa zimekwishapevuka ng'ambo ya bahari. Superman, aliyezaliwa katika karatasi mwaka 1938, alikuwa akielekea nusu karne ya kuruka angani bila ya mvi hata moja. Kule Uskochi vijitabu vya Commando, vilivyoanza mwaka 1961, viliendelea kuvipigana upya vita vya pili vya dunia, Mwingereza akishinda na Mjerumani akianguka. Mwaka 1986 Wamarekani wakatoa Watchmen, ambamo majabari wenyewe walitiliwa shaka kwa mara ya kwanza kwa uzito wa riwaya.

Kijana wa Kyela, baina ya mashamba ya mpunga na safu ya milima ya Livingstone, alikuwa mbali na karamu hiyo. Taifa lilikuwa halina fedha za kigeni za kuagizia dawa na mafuta, sembuse vijitabu vya majabari. Karatasi nayo ilikuwa adimu. Kiwanda cha Mgololo kilianza kuitoa mwaka 1985 tu. Wala hapakuwa na televisheni Tanzania Bara hadi 1994, ilhali sisi wa visiwani tulikwisha kuizoea, ya rangi, tangu miaka ya 1970.

Alichokuwa nacho msomaji wa Bara ni Sani, gazeti la vichekesho lililoasisiwa mwanzoni mwa muongo huo na Said Bawji na Nicco ye Mbajo, ambao majina yao ndiyo yaliyozaa jina lake. Na ndani ya Sani hamna jabari hata mmoja. Yumo Lodi Lofa, ambaye jina lake lamtosha kuwa wasifu. Yumo Ndumilakuwili, na kila mjuzi wa Kiswahili anamjua nyoka huyo. Yumo Kipepe. Hawa hawaokoi mji. Wakiuokoa mchana wao mmoja bila ya fedheha huwa wamefanya kazi kubwa. Walirithi ukoo wa Chakubanga, aliyechorwa na Christian Gregory katika gazeti la Uhuru tangu miaka ya 1960. Philip Ndunguru, aliyekuwa na mkono hodari kuliko wote pale Sani, alifariki mwaka 1986 akingali kijana, na kwa maoni yangu fani hii haijapata kumlipia pengo lake.

Yafaa kuuliza kwa nini nchi iliyotoka vitani haikuchora askari. Vita vya Kagera vilipiganwa mwaka 1978 na 1979, na aliyetaka jabari na adui alikuwa nao wote wawili. Jibu moja, naona, ni kwamba kazi hiyo ilikuwa na mwenyewe. Mwaka 1981 Henry Muhanika alitoa Utenzi wa Vita vya Kagera na Anguko la Idi Amin Dada. Vita vikapita katika mlango ule ule waliopita Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, aliposimulia Wajerumani walivyoutamalaki Mrima, na waliopita kabla yake watunzi wa Rasi'lGhuli. Upanga wa Sayyidna Ali katika tenzi zetu haukuhitaji rangi wala kisanduku cha maneno. Aliyetaka jasusi asiyeshindwa alimkuta Willy Gamba wa Elvis Musiba, aliyeanza kazi mwaka 1974 katika Kufa na Kupona, akiwaandama makaburu na vibaraka wao.

Ila ziwa lenyewe lilikuwa na kisa kinachomngoja mchoraji. Tarehe 13 Agosti 1914, vita vya kwanza vya dunia vikiwa na siku chache tu, meli ya Kiingereza Gwendolen, chini ya Kapteni Rhoades, iliingia ghafla Sphinxhafen, ambayo leo ni Liuli, na kuifyatulia mizinga meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa. Nahodha wake, Berndt, hakuwa na habari kwamba kuna vita. Alikuwa rafiki wa Rhoades, na yasimuliwa kwamba alipiga makasia kumwendea akimfokea kama amelewa. Akachukuliwa mateka papo hapo.

Hiyo ndiyo sehemu ya kuchekesha, na Sani wangeiweza. Iliyofuata haicheki. Tarehe 9 Septemba jeshi la Wajerumani kutoka Neu Langenburg, yaani Tukuyu, lilikuwa limekwisha kuvuka mto Songwe, ambao hadi leo ni mpaka wa Kyela na Malawi, likapigwa karibu na Karonga. Mwezi Mei 1916 Jenerali Northey akavuka kuelekea upande wa pili. Kila jeshi lilitembea juu ya vichwa vya wapagazi, wale walioitwa tengatenga ng'ambo ya Songwe, waliobeba risasi za watu wengine na kufa kwa njaa na maradhi zaidi ya risasi.

Waliorudi hawakuandika. Walicheza. Katika mwambao wa ziwa ngoma ya mganda ikashika kwata ya askari wa KAR: mistari iliyonyooka, kaptura nyeupe, vyeo vya jeshi, na tarumbeta za vibuyu ziitwazo malipenga. Ni nduguye beni ya Lamu na Mombasa. Na katika miaka hiyo ya 1980, abiria aliyepanda MV Songea au MV Iringa bandarini Itungi kwenda Mbamba Bay alipita Liuli, mbele ya ufuko ule ule ambapo Berndt alishusha mashua yake.