Pensheni ya Mulago: asante ya mkoloni au mshahara uliowekwa akiba?

Uganda ilipopata uhuru Oktoba 1962, jengo jipya la hospitali ya Mulago mjini Kampala lilikuwa ndiyo kwanza linafunguliwa, kwenye kilima ambako Dakta Albert Cook alianzisha kituo cha kutibu magonjwa ya zinaa mwaka 1913. Wauguzi na makarani walioajiriwa humo kwa masharti ya kudumu walirithi sheria ya kikoloni pamoja na vitanda: Sheria ya Pensheni, iliyoanza kazi Januari 1946.

Kwa sheria hiyo mtumishi hakatwi hata senti. Pensheni yake hutoka hazina. Ukarimu mkubwa, mpaka usome kifungu kinachosema hakuna afisa mwenye haki kamili ya kuidai. Ilikuwa asante ya bwana kwa aliyemtumikia vizuri. Huko kwao Waingereza walikuwa wamekwenda mbali zaidi: tangu 1909 mzee maskini wa miaka 70 alilipwa na serikali, hata kama maisha yake yote alichimba makaa ya mawe. Wazo hilo halikupakiwa melini kuja Entebbe, makao ya serikali ya kikoloni.

Sekta binafsi ilipata njia yake. NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, iliyoanza miaka ya 1960 na kupewa sheria mpya mwaka 1985, humkata mfanyakazi asilimia 5 na mwajiri huongeza 10. Watumishi wa serikali wakabaki kuitegemea bajeti ya kila mwaka.

Mwaka 1987 ulionyesha hatari ya kuitegemea. Serikali ilifuta sifuri mbili kwenye shilingi na kutoza kodi ya asilimia 30 katika kubadilisha fedha, huku bei zikipanda kupita kiasi. Aliyestaafu kwa mshahara wa zamani alibaki na karatasi tu. Ndiyo maana naiona Ibara ya 254 ya Katiba ya 1995 kuwa jibu kwa machungu hayo: pensheni isitozwe kodi, ipitiwe upya thamani ya fedha inapobadilika, ilipwe kwa wakati na bila usumbufu. Asante ikawa haki. Mfuko wa kuilipa haukuundwa.

Hesabu yenyewe si mbaya. Kwa muuguzi aliyetumikia miaka 30, miezi yake 360 hugawanywa kwa 500, naye hupata asilimia 72 ya mshahara wake. Theluthi moja ya pensheni hiyo ya mwaka huzidishwa kwa miaka 15 na kulipwa kwa mkupuo, kiasi cha mishahara ya miaka mitatu na nusu hivi. Kiinua mgongo hicho ndicho kinachojenga nyumba. Kinachobaki huja kila mwezi. Shida ni kuja kwenyewe. Mwaka 2012 ilifichuka kwamba mabilioni ya shilingi yalikuwa yamelipwa kwa wastaafu hewa, wakati wastaafu halisi wakizungushwa na mafaili yao. Baadaye malipo yaligatuliwa, kila taasisi ishughulikie wazee wake, Mulago ikiwamo.

Sasa linazungumzwa pendekezo la mfuko wa watumishi wa umma: mtumishi achangie asilimia 5, serikali 10. Kenya ilianza utaratibu wa namna hiyo Januari 2021. Wapinzani husema mshahara wa muuguzi hauna pa kukatwa, na Tanzania inawapa hoja nyingine: baada ya mifuko ya pensheni kuunganishwa mwaka 2018, kikokotoo kipya cha mafao kilizua kelele hadi Rais Magufuli akakisimamisha. Hata hivyo naunga mkono mfuko. Kama pensheni ni mshahara uliowekwa akiba, basi na iwekwe kweli, baada ya madeni ya zamani kulipwa.

Lakini teremka kilima hadi Katanga, bonde lililo kati ya Mulago na Makerere. Mfua nguo na muuza ndizi hawana mwajiri wa kuwachangia. Kwao upo mpango wa SAGE wa ruzuku kwa wazee, ulioanza mwaka 2010 kwa msaada wa Uingereza na Ireland, ukitoa shilingi 25,000 kwa mwezi. Wilaya nyingi za majaribio zilianza na wazee wa miaka 65. Ulipopanuliwa nchi nzima, umri ukawekwa 80. Kwa wengi hiyo ni ahadi ya kutimizwa kaburini. Zanzibar, yenye hazina ndogo kuliko ya Uganda, inawalipa wazee wake kuanzia miaka 70 tangu Aprili 2016, kwa fedha zake yenyewe.