Folkboat: mashua ya watu wa kawaida, na somo la farumi

Kila kusi inapovuma tunasikia habari za chombo kupinduka, na wengi wetu husema ni kadari ya Mwenyezi Mungu. Kadari ipo, lakini chombo nacho kina hesabu zake. Leo tutazame mashua moja ya ugenini ambayo hesabu zake ziliandikwa karatasini zaidi ya miaka 80 iliyopita na bado zinafuatwa. Yaitwa Folkboat, maana yake mashua ya watu.

Asili yake

Mwanzoni mwa miaka ya 1940 vyama vya mashua za tanga vya Skandinavia viliitisha shindano la kuchora chombo kidogo, cha bei nafuu, ambacho familia ingeweza kulala ndani na pia kushindania mbio. Michoro ikaja mingi, lakini hakuna mmoja ulioshinda peke yake. Waamuzi wakachukua mazuri ya michoro kadhaa na kumpa Tord Sundén wa Uswidi ayaunganishe. Mashua ya kwanza ilishushwa majini Gothenburg mwaka 1942, vita kuu vikiendelea.

Umbo na vipimo

Urefu wake ni mita 7.68, upana mita 2.20, na huzama majini mita 1.20. Uzito ni takriban kilo 1,930, na zaidi ya kilo 1,000 kati ya hizo ni chuma kilichofungwa chini ya mkuku. Yaani farumi ni zaidi ya nusu ya chombo chote.

Mbao zake hazikutani ukingo kwa ukingo kama za jahazi, ambazo fundi huziba nafasi kwa kalafati. Hupandana, ubao wa juu ukilalia wa chini, kama vigae vya paa, kisha hufungwa kwa misumari ya shaba. Hilo hutoa ganda jepesi lenye nguvu. Tangu miaka ya 1970 zimetengenezwa pia za faibaglasi, kwa umbo na uzito ule ule, ili ya mbao na ya faibaglasi zishindane kwa haki.

Inavyokwenda

Matanga yake ni mawili, tanga kuu na dogo la mbele, jumla mita 24 za mraba. Hayana foromali. Wakati wa kupiga bisha, mtu mmoja hugeuza usukani na kuvuta kamba, basi. Kwetu, kupitisha foromali upande wa pili wa mlingoti ni kazi ya watu kadhaa. Folkboat hupanda joshi kwa pembe ya kama digrii 45. Mwendo wake hauzidi sana maili 6 za bahari kwa saa, kwa sababu chombo kizito hufungwa na urefu wa sehemu yake inayogusa maji.

Ila sifa yake kubwa ni utulivu. Upepo ukiilaza, chuma kile huirudisha. Mwaka 1960 Mwingereza Blondie Hasler alivuka Atlantiki peke yake kutoka Plymouth hadi New York kwa Folkboat aliyoibadilisha, ikiwa na tanga moja la mtindo wa Kichina. Aliiita Jester. Alitumia siku 48 na kushika nafasi ya pili nyuma ya Francis Chichester, ambaye chombo chake kilikuwa kikubwa zaidi.

Upungufu wake

Tusiisifu kupita kiasi. Ndani huwezi kusimama wima. Maji yakijaa humo, chuma kile kile huivuta chini, ilhali mashua tupu ya mbao ingeelea. Na mkuku wa mita 1.20 unafaa Baltiki, ambako maji karibu hayapwi wala hayajai. Huku kwetu maji yakitoka, Folkboat italala ubavu matopeni, wakati mashua yetu inakaa kwa raha ikipakuliwa mizigo.

Na sisi je?

Farumi yetu ni magunia ya mchanga au mawe, na Lamu kuna mtengo, ubao ambao mabaharia hukalia nje ya chombo upande wa joshi. Ni ustadi mkubwa, lakini unategemea watu walio macho. Magunia yasipofungwa, chombo kikilala nayo huteleza demani, na hapo huzidisha msiba. Kuyafunga vizuri hakugharimu chochote ila kamba.

La pili ni mchoro. Folkboat zaidi ya 4,000 zimeundwa, na hata leo fundi kijana akitaka kuanza moja atapata vipimo vyote. Fundi wetu wa Matondoni au wa Kizingitini hubeba vipimo kichwani. Akifariki, inna lillahi, tunazika chuo kizima. Vijana wetu walio na simu na futi wakae na wazee hao, wapime mkuku, mataruma na mlingoti, waandike. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, lakini ngama yenyewe isipoandikwa tutarejea wapi?