Kutoka Tungi hadi Maskati: njia ya Mwalimu Queiroz

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikaa kupima mali ya Sultani wa Zanzibar kwenye pwani ya bara. Wakamwachia ukanda wa maili 10 kwa upana, kutoka Kipini upande wa kaskazini hadi ghuba ya Tungi upande wa kusini. Wareno hawakuridhika na hesabu hiyo. Februari 1887 wakaiteka Tungi, na Seyyid Barghash akaipoteza ncha ya kusini ya dola yake. Jirani na ghuba hiyo kuna kisiwa kidogo cha Rongui, kimoja katika mlolongo unaoshuka kutoka Palma, mkoani Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, ukapita Vamizi, ukaelekea Mocímboa da Praia. Wamwani na Waswahili huvua katika maji hayo, na wavuvi wengine huja kutoka upande wa Tanzania kwa msimu, wakaweka dago mchangani.

Kabla ya mipaka ya wakoloni, maji haya yalikuwa barabara. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni mwishoni mwa mwaka, kusi ikayarudisha yakiwa na pembe za ndovu, nafaka, magogo ya mikoko na, kwa aibu ya enzi hizo, watu waliouzwa. Vituo vyake vinajulikana: Kisiwa cha Msumbiji, Ibo, Tungi, Kilwa, Unguja, Maskati. Julai 2025 Maskati ilimpokea mgeni aliyezaliwa upande huu wa kusini, lakini huyu aliifuata njia ndefu kuliko nahodha yeyote. Ni Carlos Queiroz, mzaliwa wa Nampula, aliyekabidhiwa timu ya taifa ya Oman akiwa na umri wa miaka 72.

Alizaliwa tarehe 1 Machi 1953, wazazi wake wakiwa Wareno. Nampula iko bara, kwenye reli inayopanda kutoka bandari ya Nacala, na vita vya ukombozi vilipowaka ndiyo iliyokuwa makao ya jeshi la Ureno kwa eneo la kaskazini. Risasi za kwanza za chama cha ukombozi, FRELIMO, zililia Chai, Cabo Delgado, tarehe 25 Septemba 1964. Kijana Carlos alikuwa na miaka 11. Alikua akidaka mpira golini, na Mapinduzi ya Ureno ya 1974 yalipoangusha utawala wa kikoloni akahamia Lisbon.

Hapo inafaa tusimame, kwa sababu njia nyingine ya vijana wa Msumbiji ilikwisha pita Lisbon kabla yake. Timu ya Ureno iliyoshika nafasi ya tatu katika Kombe la Dunia la 1966 ilibebwa na watu wa Msumbiji. Nahodha alikuwa Mário Coluna. Hilário na Vicente walilinda nyuma. Eusébio, mtoto wa mtaa wa Mafalala, Lourenço Marques, alifunga mabao tisa na kuwa mfungaji bora wa mashindano. Koloni lilitoa miguu, nchi mama ikachukua sifa. Hadi mwaka 1961 sheria ya Wareno ilikuwa bado inawagawa watu wa Msumbiji kati ya raia na “wenyeji” wasio na haki za raia, na milango ya vyuo ilifunguka kwa kufuata mgawanyo huo. Mtoto wa wazazi Wareno kutoka Nampula aliweza kwenda Lisbon kusoma. Kijana mweusi mwenye kipaji alikwenda kucheza.

Wale wa kaskazini waliotaka elimu walivuka Ruvuma. Mwaka 1963 FRELIMO ilifungua Taasisi ya Msumbiji jijini Dar es Salaam, na baadaye ikawa na shule Bagamoyo na kambi Nachingwea. Huko walisomeshwa wauguzi, walimu na makamanda. Nchi iliyokuwa vitani haikuwa na nafasi ya kusomesha makocha.

Jijini Lisbon, Queiroz aliingia ISEF, chuo cha elimu ya viungo. Kwa wakati ule makocha wengi wa Ulaya walikuwa wachezaji wastaafu waliofundisha walichokumbuka. Chuo hiki kiliufanya mpira kuwa somo la kupimwa, kuandikwa na kubishaniwa. Katika miaka ya 1980 Queiroz aliandika kuhusu muundo wa mazoezi, na mgawanyo wake bado hutumiwa na walimu wa mpira wa Ureno. Zoezi la msingi, alisema, lazima liwe na goli. Ngazi ya kwanza, washambuliaji hulisogelea goli bila kuzuiwa na beki. Ngazi ya pili, wanakutana na walinzi. Ngazi ya tatu, pande mbili zinapambana kwa magoli mawili. Mengine yote, hata yawe mazuri kwa macho, ni ya nyongeza. Mchezaji wa mtaani anayajua haya kwa mwili wake. Mwalimu ndiye anayepaswa kuyajua kwa mpangilio, ili aweze kumpa mtu mwingine.

Shirikisho la Ureno lilimkabidhi vijana. Machi 1989, mjini Riyadh, Ureno iliifunga Nigeria 2-0 katika fainali ya Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 20. Miaka miwili baadaye fainali ilipigwa Lisbon, mbele ya watazamaji wapatao 127,000. Ureno na Brazil hazikufungana, wenyeji wakashinda kwa matuta, na penalti ya mwisho aliipiga Rui Costa. Luís Figo alikuwamo, João Pinto pia. Kizazi hicho kilifika fainali ya Ulaya ya 2004, lakini siku hiyo Queiroz hakuwa kwenye benchi lao.

Jambo hilo, kuandaa kisha kukosa mavuno, linajirudia katika kazi yake yote. Akiwa na timu ya wakubwa ya Ureno alikosa tiketi ya Kombe la Dunia la 1994 baada ya kufungwa na Italia mjini Milan. Desemba 1993 aliingia klabu ya Sporting ya Lisbon kumrithi Bobby Robson. Robson akaenda Porto pamoja na mkalimani wake, José Mourinho, naye msomi wa ISEF, na ni Mourinho aliyekuja kuvuna makombe makubwa ambayo elimu ile iliahidi. Queiroz alitoka Sporting na Kombe la Ureno la 1995. Alipita New York, Nagoya na Falme za Kiarabu. Mwaka 2000 akarudi kusini mwa Afrika kuifundisha Bafana Bafana, timu ya taifa ya Afrika Kusini, akaipatia tiketi ya Kombe la Dunia la 2002, kisha akaondoka miezi michache kabla ya fainali hizo. Jomo Sono ndiye aliyeipeleka timu Asia.

Katikati ya safari hiyo alifanya kazi ambayo mashabiki wengi hawaijui. Mwaka 1998 Shirikisho la Soka la Marekani lilimwomba aeleze nchi hiyo ifanye nini ili iwe na uwezo wa kutwaa Kombe la Dunia ifikapo 2010. Wakati huo kipaji huko kilipitia chuo kikuu: kocha alikuwa mwajiriwa wa chuo, mchezaji alikuwa mwanafunzi mwenye ufadhili, na ligi yao ilichezwa kwa miezi michache ya majira ya majani kupukutika. Mfumo huo ulimpa kijana shahada, lakini ulimnyima mechi katika miaka aliyozihitaji zaidi. Ripoti ya Queiroz ilitaka vijana waanze kulelewa mapema zaidi, kwa mwaka mzima. Mwaka 1999 Wamarekani walifungua kambi ya kudumu ya vijana chini ya miaka 17 huko Bradenton, Florida.

Manchester United na Real Madrid tuzipite haraka, kwa kuwa zimesimuliwa mno. Akiwa msaidizi wa Alex Ferguson alikuwa Moscow mwaka 2008 United ilipoishinda Chelsea kwa matuta. Madrid alidumu msimu mmoja, akapoteza mechi tano za mwisho za ligi na kumaliza wa nne. Iran ndiyo iliyompa muda: kuanzia 2011 hadi 2019 aliipeleka Kombe la Dunia mara mbili mfululizo. Mwaka 2014 mabeki wake waliibana Argentina mpaka dakika za nyongeza, ndipo Messi akafunga. Februari 2022, mjini Yaoundé, Misri yake ilipoteza fainali ya Afrika kwa matuta mbele ya Senegal. Yeye alikuwa nje ya benchi kwa kadi nyekundu ya nusu fainali. Na Oktoba 2025 Oman yake ilitoka sare na Qatar, ikafungwa 2-1 na Falme za Kiarabu, na ndoto ya Kombe la Dunia la 2026 ikaishia hapo.

Kwa hesabu ya makombe, huyu ni mtu wa kukosakosa. Kwa hesabu ya shule, amefaulu popote alipopewa vijana na muda. Ndiyo maana njia yake inaihusu pwani ya Cabo Delgado kuliko anavyodhani shabiki wa United.

Pwani hii haina upungufu wa watoto wanaocheza mpira. Inachokosa ni mtu aliyesomea kuwafundisha, na tangu Oktoba 2017, Mocímboa da Praia iliposhambuliwa na waasi, hata shule za kawaida zimefungwa mara kwa mara. Palma ilivamiwa Machi 2021, na maelfu wakakimbia, wengine kwa mashua kupitia visiwa hivi hivi. Ng'ambo ya Ruvuma kuna mfano wa karibu: Dk. Mshindo Msolla, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, aliifundisha Taifa Stars, timu ya taifa ya Tanzania, kabla ya kocha Márcio Máximo kufika mwaka 2006. Darasa na uwanja vilikutana kwa mtu mmoja.

Msumbiji yenyewe imeonja matunda ya elimu inayorudi nyumbani. Chiquinho Conde wa Beira alicheza Ureno na Marekani, na mwaka 2021 alikabidhiwa Mambas, timu ya taifa ya Msumbiji. Katika Kombe la Afrika (AFCON) lililochezwa Ivory Coast mwanzoni mwa 2024 timu yake ilitoka sare ya 2-2 na Misri, kisha 2-2 na Ghana, mataifa yenye makombe 11 ya Afrika baina yao. Ili kocha wa namna hiyo atoke Palma au Mocímboa, hatuhitaji kumtafuta Eusébio mwingine. Inatosha vyuo vya ualimu vya kaskazini vifundishe mpira kama vinavyofundisha hesabu, na mhitimu arudi kufanya kazi kwao.