Ford Ilivyoumbuliwa na Mashine: Kisa cha Mustang Cobra ya 1999

Mwaka 1999 kuna majamaa huko Marekani walivunja kibubu wakachukua Ford Mustang SVT Cobra mpya kabisa. Kipeperushi kilisema injini yake, V8 ya lita 4.6, ina nguvu farasi 320. Cobra ya mwaka 1998 ilikuwa na 305, kwa hiyo hii mpya ilitakiwa kuiacha ya zamani mbali. Wakazipeleka kwenye mbio za robo maili. Wapi! Wengine wakajikuta wanakula vumbi la ile ya zamani.

Enzi za nyuma, mteja akilalamika hivyo angeambiwa tu hajui kuendesha. Na angebisha kwa lipi? Nguvu ya injini ilipimwa kiwandani, wewe raia unabaki kuamini karatasi. Ila kufikia miaka ya 90 mwishoni, gereji nyingi za magari ya mbio zilikuwa na daino ya kupimia gari zima, na mtu yeyote angeweza kulipia kipimo.

Mambo yenyewe ni hivi. Gari linapandishwa, matairi yanayosukuma yanakaa juu ya ngoma nzito za chuma, kisha linafungwa mikanda lisichomoke. Fundi anakanyaga mafuta mpaka mwisho. Uzito wa ngoma unajulikana, hivyo kompyuta inaangalia zinavyoongeza kasi na kupiga hesabu ya nguvu iliyofika kwenye matairi. Hiyo lazima iwe pungufu kuliko ya injini, maana giaboksi, shafti na difu navyo vinakula chake. Mafundi hukadiria kama asilimia 15. Kwa Cobra ya farasi 320, matairi yalitakiwa kutoa kama 270.

Wenye magari wakaenda kupima. Namba zikagoma kufika huko. Gari moja likisoma chini unaweza kusema ni bovu. Yakiwa mengi, tena ya watu wasiojuana, hapo tatizo limetoka kiwandani.

Agosti 1999 Ford ikasimamisha mauzo na kuyaita magari yarudi. Ikaonekana njia za hewa kwenye manifodi zilikuwa na mabaki ya chuma tangu kumiminwa, na ekzosi nayo ilikuwa inaibana injini. Wateja wakawekewa manifodi nyingine, ekzosi nyingine, na kompyuta ya injini ikabadilishwa programu, yote bure. Mwaka 2000 Cobra ya kawaida haikutoka kabisa, ikarudi 2001.

Cha kuchekesha, Japani uongo ulikuwa wa upande mwingine. Tangu 1989 makampuni ya huko yalikubaliana kutotangaza gari linalozidi farasi 280, kwa sababu ya hofu ya ajali barabarani. Nissan Skyline GT-R ikaandikwa 280 kama wenzake, lakini ikipanda kwenye daino inasoma kama gari lenye zaidi. Makubaliano hayo yalidumu mpaka 2004. Ndiyo maana Subaru Impreza WRX STI nyingi za miaka hiyo zinazonguruma Nairobi na Dar zina 280 ileile kwenye makaratasi.

Kwa mafundi wa kuchuna injini, daino ilibadilisha kazi. Zamani fundi alirekebisha mafuta na moto wa plagi, akatoka barabarani, akasikilizia. Sasa anapima, anagusa kitu kimoja, anapima tena, mchoro unamwambia kama kaongeza au kaharibu. Na injini ikianza kugonga anaachia mafuta mapema, kabla pistoni haijatoboka.

Ila namba ya daino nayo siyo msahafu. Joto la siku, upepo wa matairi na aina ya mashine vyote vinaibadilisha. Kipimo cha kuaminika ni kabla na baada, gari lilelile, mashine ileile, siku ileile.

Hivyo mtu akikuuzia STI ya mwaka 1999 akakwambia ina farasi 280, kumbuka injini hiyo imeshakula miaka zaidi ya 20. Wewe ungetoa hela yako kwa karatasi, au ungemwambia aipandishe kwanza kwenye ngoma?