Tansio ya Bunia imetoka wapi?

Hapa Bunia ukisikia "ana tansio", sababu inakuja palepale: mawazo. Vita ndiyo imeleta. Mama yangu mdogo anasema vilevile. Yake anaihesabu tangu Mei 2003, walipokimbilia uwanja wa ndege na kulala chini ya mahema. Kwa hiyo siku asiyo na mawazo, hamezi dawa. Kichwa kikiuma, anameza vidonge viwili.

Mimi nimesoma historia, si udaktari. Nilitaka kumpinga, kumbe ubishi wenyewe ni wa zamani.

Mwaka 1929 daktari mmoja wa Kikoloni, C. P. Donnison, aliandika katika jarida la Lancet kuhusu watu wa Kavirondo Kusini, Kenya, karibu na Ziwa Victoria. Alipima watu 1,000 hivi. Ulaya presha hupanda na umri. Kule, kupita miaka 40, ilishuka. Kati ya wagonjwa karibu 1,800 aliowapokea hospitalini kwa miaka 2, hakuona hata mmoja wa tansio. Ukiishia hapo utasema ni damu ya Mwafrika tu.

Lakini mwaka 1990 ukatoka utafiti juu ya vijana Wajaluo (ndugu wa lugha wa Waalur wetu wa Mahagi) waliohama kijijini magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi. Walikuwa zaidi ya 300, wa miaka 15 hadi 34. Damu ileile. Mwezi wa kwanza tu mjini, presha yao ilikuwa juu kuliko ya waliobaki. Chumvi kwenye mkojo ilizidi, na moyo ulikuwa unapiga mbio zaidi.

Huo moyo wa mbio unampa mama mdogo nusu ya ukweli. Nusu nyingine iko kwenye sufuria. Zamani chumvi ilivuka Ziwa Albert kutoka Kibiro, ambako wanawake huchuja udongo na kuchemsha maji yake mpaka chumvi ibaki. Kwa kazi kama hiyo, nani angeimwaga ovyo? Leo ni kati ya vitu rahisi kabisa sokoni, na makayabu tunakula na sombe iliyotiwa chumvi tena. Waliokimbia Djugu tangu mwisho wa 2017 waliacha mashamba. Wao pia wamehama kijiji kuja mjini, ila hawakuchagua.

Shirika la Afya Duniani linasema karibu nusu ya watu wazima wenye tansio hawajui kama wanayo, na aliyeidhibiti ni 1 hivi kati ya 5. Kipimo ni 140 kwa 90.

Juzi niliazima mashine, nikampima mama mdogo siku anacheka, hana wazo lolote. 168 kwa 102. Akaiangalia mingi, kisha akaniuliza kama betri iko nzuri.