Kukuza Ramani kwa Miraba

Makuyuni tunayoitaja hapa ni ile ya Korogwe, katika njia ya reli baina ya Korogwe na Mombo, wala siyo ile ya upande wa Arusha. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Korogwe mwaka 1902, mwendo wa kilometa 84, na Mombo mwaka 1905, mwendo wa kilometa 129. Basi kipande kipitacho Makuyuni ni kilometa 45. Katika ramani kubwa ya nchi waliyoichapa Wajerumani, kipimo chake kilikuwa moja kwa 300,000, maana yake sentimita moja ya karatasi ni kilometa tatu za ardhi. Kwa hiyo kipande hicho chote cha reli, ukiyanyosha mapindi yake, ni sentimita 15 tu. Hakifiki urefu wa penseli mpya.

Atakaye kuwaonyesha watoto darasani nchi hiyo, au kuitandaza barazani mbele ya wazee, hana budi kuikuza. Njia ya kuikuza ni ya kale mno. Mafundi wa Misri, miaka karibu elfu nne iliyopita, walichovya uzi katika rangi nyekundu, wakaupiga ukutani mpaka ukuta wote ukawa miraba. Kisha wakachora ndani yake. Mtu aliyesimama walimpa miraba 18 tangu wayo hata mwanzo wa nywele, awe mdogo au awe mkubwa kama nyumba. Makaburi kadha ambayo hayakumalizwa yaonyesha mistari ile nyekundu hata leo.

Nasi twaweza kufanya vivyo hivyo kwa rula na penseli. Funika ramani ndogo kwa miraba ya sentimita moja, na karatasi kubwa kwa miraba ya sentimita sita. Idadi ya miraba iwe ile ile. Andika herufi juu na tarakimu pembeni, ili kila mraba uwe na jina lake. Kisha usiitazame ramani nzima, tazama mraba mmoja tu. Mto Pangani waingia wapi katika ubavu wake? Katikati, au robo ya kutoka chini? Watokea wapi? Tia nukta mahali hapo hapo katika mraba mkubwa, uziunganishe, uendelee na mraba wa pili. Mwanafunzi asiyejua kuchora kabisa hushangaa kuona mto umetokea sawa, kwa kuwa macho hudanganyika kwa jambo kubwa kuliko kwa jambo dogo.

Hapa wengi hukosea hesabu ya karatasi. Urefu umezidishwa mara sita, nao hudhani karatasi sita zitatosha. Hazitoshi. Upana nao umezidishwa mara sita, na sita mara sita ni 36. Kipimo sasa ni moja kwa 50,000, na zile sentimita 15 za reli zimekuwa 90.

Lakini twataka kusema neno juu ya mstari wenyewe. Chukua mpaka uliochorwa katika ramani ile ndogo kwa wino wa unene wa nusu milimita. Kwa kipimo cha moja kwa 300,000, wino huo wafunika ardhi yenye upana wa meta 150. Katika kila kilometa moja ya mpaka, eka 37 ziko chini ya wino, wala hapana awezaye kusema kwa ramani hiyo kama ni za huku au za kule. Sasa ikuze mara sita. Kwa haki mstari ungekuwa mnene wa milimita tatu. Lakini mchoraji hodari hapendi mstari mnene, hupitisha mmoja mwembamba katikati. Kila aonaye hudhani mpaka umejulikana vizuri zaidi. Haukujulikana; umepambwa tu. Katika nchi ya mkonge, ambako shamba kubwa na vijiji hupakana, eka 37 si kitu kidogo.

Jambo la namna hii lilipata kutokea kwa bara zima. Mwaka 1854 mmisionari Jakob Erhardt alikaa Tanga, akawauliza wafanyi biashara wa misafara habari za bara. Wao walihesabu mbali kwa siku za safari. Kila mmoja alisema njia yake yaishia penye maji makubwa, na kila mmoja alisema kweli. Erhardt, pamoja na mwenzake Rebmann, waliziunganisha habari hizo katika ramani, na zile bahari tatu za maji matamu zikawa ziwa moja kubwa ajabu, lenye umbo la konokono asiye na nyumba. Ramani ilipochapwa Ulaya mwaka 1855 na 1856 wataalamu walibishana sana. Mwaka 1856 Burton na Speke walitumwa. Katika Februari 1857 walifuata kwanza bonde la Mto Pangani, wakapanda mpaka Vuga kwa Kimweri, ndipo baadaye wakaenda bara. Mwaka 1858 waliiona Tanganyika, na Speke akaiona Nyanza. Nyasa ilifikwa na Livingstone mwaka 1859. Ramani ya Erhardt hata ingalikuzwa mara mia, ziwa lake lingalibaki moja. Ilipasa watu waende kwa miguu.

Ramani za Tanzania za moja kwa 50,000 zilizokuja baadaye hazikupatikana kwa kukuza zile za zamani. Zilipimwa upya, na picha zilizopigwa kutoka katika ndege zilisaidia sana. Hata hivyo, ule wino wa nusu milimita wafunika humo meta 25 za ardhi, nazo zatosha kuweka nyumba na kiwanja chake. Kwa hiyo mpimaji wa mpaka wa kijiji haridhiki na karatasi. Huenda shambani pamoja na majirani wa pande zote mbili, akasimika jiwe.