Softiboli: tangu muti ya fagio mpaka fimbo ya kaboni

Leo tutoke kidogo mu mashamba. Miye softiboli sijawahi kuicheza hata siku moja. Nilianza kuisoma juu ya swali lililonisumbua kazini: kitu kikipimwa kikiwa kipya, kile kipimo kinadumu muda gani?

Softiboli ni mdogo wa besiboli, ila mpira unarushwa kwa mkono unaotoka chini, si juu ya bega. Ilizaliwa Chicago mwaka 1887, ndani ya jumba la Farragut Boat Club. Na bale walioizaa walikuwa wahitimu kama siye: watu wa Harvard na Yale, walikuwa wanangoja kwa telegrafu matokeo ya mechi ya vyuo vyao. Yale ikashinda. Inasimuliwa kwamba kwa ile furaha mmoja akatupa glavu ya ndondi, mwingine akaipiga na muti. George Hancock akaona humo muna mchezo. Akaifunga glavu kwa kamba ikawa mpira, muti ya fagio ikawa fimbo. Na yote ndani ya nyumba! Njo maana mpira ulipaswa kuwa mkubwa na laini.

Mwaka 1895 Lewis Rober, zimamoto wa Minneapolis, akautoa inje ili wenzake wasikae bure wakingoja moto. Jina likakuja 1926, na 1933 chama cha softiboli ya ridhaa cha Marekani, ASA, kikaundwa, juu kila muji ulikuwa na mpira wake na kanuni zake.

Shida kubwa ilikuja na fimbo. Kwanza mbao, kisha aluminiamu, titani (hiyo ikakatazwa haraka), halafu nyuzi za kaboni. Mpira ukazidi mbio, mrushaji akabaki palepale. Kwa softiboli ya mrusho wa polepole anasimama futi 50, karibu mita 15. Mwaka 2004 ASA ikaweka mpaka: mpira usitoke kwenye fimbo kwa zaidi ya maili 98 kwa saa, ni kusema kilometa 158. Pigeni hesabu: unamfikia kwa kama theluthi moja ya sekunde. Na yule si mchezaji wa kulipwa, kesho asubuhi anaingia kazini na uso wake uleule.

Lakini fimbo ya kaboni iko na tabia yake. Kadiri inapiga, inalegea, na ikilegea njo inasukuma mpira zaidi. Iliyofaulu laboratuari ikiwa mpya inaweza kupita mpaka baadaye. Wajanja hawangoji hata, wanaikwangua kwa ndani ikonde.

Hapo nilikumbuka soya yetu. Karatasi ilisema mbegu inaota vizuri sana. Ikalala miezi mu depo yenye joto, kwa shamba ikaota nusu. Mama mmoja akaniuliza: «Injiniya, sasa tupande karatasi?»

Kwa mashindano makubwa siku hizi fimbo zinabanwa na mashine palepale, ikilegea kupita kiasi inatoka, hata kama iko na muhuri. Wenye kuinunua ghali wanalalamika. Miye niko upande wa mashine.

Kule Chicago wengine hawakungoja mashine. Mpaka leo wanacheza na mpira wa inchi 16, mukubwa, unaolainika kadiri unapigwa, na wanaudaka kwa mikono mitupu.